Ulinganisho: Buñol, San Pedro Manrique au Anguiano? Nataka kumpeleka mama kwenye sherehe ya kijiji Hispania

BintiTanga
Wakuu, habari zenu. Naishi Madrid, huu mwaka wa tatu. Mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga, katikati ya Juni mpaka mwisho wa Agosti. Ana miaka 68, goti linamsumbua, na tutakuwa na mjukuu wake wa miaka 7. Madrid ataiona tu. Ninachotamani ni aone kijiji siku ya sherehe yake, waliohamia mijini wakiwa wamerudi kwao. Nimebakiwa na vitatu: Buñol (kurushiana nyanya), San Pedro Manrique (kukanyaga makaa) na Anguiano (ngoma ya mironjo). Mliofika nisaidieni.

Msafiri_Kigoma
Buñol nimekwenda. Ni Jumatano ya mwisho ya Agosti, kama kilomita 40 kutoka Valencia. Tangu 2013 unaingia kwa tiketi, maana mji wa watu wasiozidi 10,000 ulikuwa unafurika. Mnarushiana nyanya zilizoiva kwa saa moja, na sheria ni uiponde kwanza mkononi isije ikamuumiza mtu. Kijana atafurahi sana. Lakini njia ni nyembamba, chini ni rojo tupu, umebanwa mbele na nyuma. Mwenye goti bovu usimpeleke. Tena wengi utakaobanana nao ni watalii kama wewe.

MamaWawili
Naongezea hapo. Mama yangu aliona nyanya zile kwenye televisheni akanyamaza kabisa. Mtu aliyelima maisha yake yote, chakula kikikanyagwa namna ile kinamuuma. Mfikirie mama yako kwanza, dada.

Jirani_wa_Soria
Mimi nakutetea San Pedro Manrique. Ni usiku wa tarehe 23 Juni, mkoa wa Soria, ambako watu hawafiki 10 kwa kilomita moja ya mraba. Unaendesha muda mrefu huoni nyumba, halafu unakuta kijiji kizima kimekaa kwenye ngazi za mawe kandokando ya kikanisa cha Virgen de la Peña. Kuni za mwaloni zimeshawaka zikawa makaa, yanatandazwa, na saa sita usiku wanaanza kupita. Miguu mitupu, na wengi wamembeba mtu mgongoni: mke, mtoto, rafiki. Wanaopita ni wenyeji, mgeni unatazama.

Kuna utafiti ulitoka 2011, ulipima mapigo ya moyo papo hapo. Ya mkanyagaji na ya ndugu na marafiki zake waliokaa wakitazama yalikwenda pamoja, ya wageni hayakufuata. Nilipokuwa pale niliyaona hayo bila kipimo: bibi mmoja mbele yangu alimshika mwenzake mkono mpaka mwanawe alipovuka, ndipo akapumua.

Tatizo lake kwako ni saa. Nafasi zinajaa mapema, kwa hiyo mama atakaa juu ya jiwe muda mrefu, na usiku wa kule ni baridi hata Juni. Mtoto atalala kabla ya makaa kutandazwa.

Fundi_Gereza
Anguiano, bila kusita. Nimekwenda mara mbili na familia.

Kijiji kiko La Rioja, kwenye bonde la mto Najerilla, chini ya kilomita 50 kutoka Logroño. Siku yenyewe ni 22 Julai, sikukuu ya Maria Magdalena. Vijana wanane wamevaa sketi za manjano, wamefunga miguuni mironjo ya mbao ya karibu nusu mita. Wanatoka mbele ya kanisa, mmoja mmoja anateremka njia ya mawe huku anazunguka kama pia, mikono wazi, sketi imetanda. Kule chini watu wamesimama kama ukuta kuwadaka. Ngoma hii ina zaidi ya miaka 400 kwenye maandishi.

Na hili BintiTanga litamgusa mama: kinachopigwa ni ngoma na dulzaina, ndugu kabisa wa zumari letu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama nikasahau kupiga picha.

Usimweke kwenye mteremko wenyewe, watu wanasukumana. Mweke juu karibu na kanisa, waone wanavyofungwa mironjo na kuanza. Ni mchana, mtoto atakuwa macho. Mchukue kofia na maji, jua la Julai ni kali. Kulala, tafuta Nájera au Logroño mapema.

MamaWawili
Vipi chakula? Sisi hatuli nguruwe.

Fundi_Gereza
Uliza kila sahani. Maharage mekundu ya Anguiano yana sifa kubwa, lakini kwa kawaida yanapikwa na soseji ya nguruwe. Sema "sin cerdo" kabla hawajapakua. Sisi hubeba chetu kwenye hotpoti, tunanunua mkate na matunda. Duka usilitegemee baada ya saa nane mchana, wanafunga wapumzike.

Jirani_wa_Soria
Kwa mama na mtoto, nakubali Anguiano. San Pedro uje wewe mwenyewe mwaka mwingine.

BintiTanga
Ahsanteni sana ndugu zangu, tunakwenda Anguiano. Nimempigia mama jana nikamwambia kuna zumari. Ameuliza jambo moja tu, kama alete kanga za sare, yake na ya mjukuu.