Panchi ya matunda kwa watu 50 siku ya sikukuu: msingi upi ni bora?

Mwana wa Maseno
Hamjambo nyote. Tarehe 26 Disemba ukoo wetu unakusanyika kwa baba mkubwa, Maseno. Tutakuwa kama watu 50: watoto tele, wazee kadhaa, na jamaa watakaotoka Nakuru. Kazi ya vinywaji nimeachiwa mimi. Kila mwaka hushushwa kreti za soda ilhali matunda yamejaa sokoni msimu huo huo. Safari hii nataka panchi yenye rangi na harufu, ambayo nyanya na mjukuu wote wataifurahia.

Nina njia tatu akilini. Kukamua nanasi na pasheni mbichi. Kununua juisi nzito ya chupa, ile ya kuongezwa maji, kisha nikatie matunda ndani. Au kupika chai ya rangi, niipoze, niitie ndimu na matunda. Hiyo niliionja Kericho na ladha yake sijaisahau. Mjue pia kwamba friji ni moja na itakuwa imejaa nyama, na stima huku hupotea mara kwa mara. Mngechagua ipi?

Nyar Kibuye
Matunda mabichi, ndugu yangu. Ladha ya nanasi lililoivia shambani hakuna chupa inayoifikia. Ukija soko la Kibuye usidanganywe na rangi ya ganda pekee. Nusa kitako cha nanasi: likinukia utamu, chukua, likinukia uchachu kama pombe, limepita. Kisha lipime mkononi, maana zito ndilo lenye maji.

Hesabu ya watu 50, kila mmoja glasi mbili za mililita 250, ni lita 25. Mimi ningepanga hivi: lita 8 za nanasi, lita 2 za pasheni, lita 10 za maji yaliyochemshwa, lita 2 za shira ya tangawizi na lita 3 za soda ya tangawizi mwishoni. Nanasi kubwa hutoa nusu lita au zaidi kidogo, kwa hivyo nunua yasiyopungua 14. Pasheni kilo 6 hivi.

Pasheni usiisage kwenye blenda kwa muda mrefu. Mbegu zikivunjika zinaacha uchungu na changarawe. Kwangua nyama yake kwenye chujio, mwagia maji kidogo, sukuma kwa mwiko. Inachosha, lakini pasheni ndiyo inayobeba harufu ya panchi nzima, na hapo ndipo jasho linapolipa.

Kijana wa Lanet
Nyar Kibuye amesema vizuri, ila tumwangalie mwenye kazi. Nanasi 14 kuzimenya na kuzisaga na stima ikipotea katikati? Juisi nzito ya chupa haihitaji blenda wala friji kabla ya kufunguliwa, na inaeleweka: ukisoma kwenye lebo kwamba sehemu moja huongezwa maji sehemu nne, lita 5 zinakupa lita 25.

Kasoro yake naikubali. Nyingi ni sukari, asidi ya sitriki na rangi, matunda yenyewe ni haba. Ladha inakuwa tamu juu, tupu chini. Ndiyo maana mimi ninapoitumia hupunguza kipimo chake hadi nusu, halafu nafidia kwa ndimu halisi na pasheni iliyochujwa. Wageni wangu Nakuru huwa wanaisifu, na sijawahi kulala usiku wa manane nikimenya matunda.

Nyar Kibuye
Ukishaongeza ndimu na pasheni umerudi kwangu, ndugu wa Lanet! Basi afadhali aanzie huku.

Chepkoilel
Naomba mtupie jicho chai kabla ya kuipita. Chai ya rangi inaipa panchi uzito wa mdomoni ambao juisi peke yake haina. Ule ukakasi wake unakata utamu, kwa hivyo watu hawachoki baada ya glasi ya kwanza. Na ni rahisi kwa kundi kubwa: maji moto, majani gramu 10 hivi kwa lita, dakika nne, chuja, basi. Ukiyaacha majani ndani yanakuwa machungu na sukari haitaficha.

Ukiweza, tafuta chai ya zambarau. Aina hiyo, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho. Majani yake yana ile rangi ya asili inayopatikana pia kwenye zabibu nyeusi, na ukikamulia ndimu kinywaji kinageuka kuwa cha waridi mbele ya macho yenu. Watoto watataka kukamua wao wenyewe. Kwa sikukuu sijaona kitu kizuri zaidi kwa bei hiyo, na ni mazao ya vilima vyetu.

Shangazi wa Nyamira
Hayo ya chai ni mazuri, mwanangu, lakini uliza kwanza nani anakuja. Sisi Wasabato wengi hatunywi chai ya majani. Huku Gusii na Nyanza kusini tuko wengi, na itakuwa aibu shangazi zako wakae na maji matupu huku wengine wakinywa panchi.

Kama ni ile rangi mnayoitaka, kuna maua makavu ya rosela. Hayana kafeini. Konzi mbili kwa lita 3 za maji, chemsha dakika tano, chuja, tia sukari ingali moto. Inatoka nyekundu iliyokolea, chachu ya kupendeza, na inashikana sana na nanasi.

Mwana wa Maseno
Asante, shangazi. Upande wa mama ni Wasabato watupu na sikuwa nimelifikiria hilo. Swali lingine: dada yangu anataka kutia maziwa na aiskrimu kwenye sehemu ya watoto. Itafaa na nanasi?

Mwalimu, Kakamega
Na nanasi bichi, hapana. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachovunja protini. Kikikaa na maziwa, ladha inageuka kuwa chungu, na uchachu wa tunda unayakatisha maziwa juu yake. Papai bichi na tangawizi mbichi nazo zina vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo. Ndiyo sababu jeli haigandi ukiweka nanasi bichi.

Joto linakiua. Juisi ya nanasi iliyochemshwa haitaleta uchungu huo, ingawa uchachu unabaki, kwa hivyo maziwa bado yanaweza kukatika. Kama dada anataka aiskrimu, kila mtoto awekewe kijiko juu ya glasi yake na ainywe papo hapo. Isichanganywe kwenye ndoo.

Na neno moja juu ya vyombo, kwa kuwa najua tunavyopika kwa wingi: sufuria zetu kubwa ni za alumini. Juisi chachu ikilala humo usiku kucha inakula ile alumini na kuchukua ladha ya chuma. Chemshia humo ukilazimika, lakini mimina mara moja kwenye chombo cha plastiki cha chakula au cha stenlesi. Ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba, hata ikioshwa mara ngapi, isiguswe.

Mpishi wa Milimani
Nimepika kwenye harusi nyingi hapa Kisumu, na panchi huharibiwa na mambo mawili: matunda yanayoelea na barafu.

Matunda kwanza. Ndizi usitie kabisa, inakuwa nyeusi na kulainika kama uji. Embe kwenye msingi linafanya kinywaji kizito kinachoshuka chini ya chombo. Tumia vipande vya embe gumu kidogo, na Disemba yapo mengi. Tofaa likatwe na kupakwa ndimu papo hapo ili lisigeuke kahawia. Tikitimaji ni karibu maji matupu, asilimia 92 hivi, kwa hivyo liingie dakika za mwisho kabisa, la sivyo linaachia maji yote na kubaki sifongo. Machungwa yakatwe duara nyembamba, lakini yasilale humo usiku kucha kwa sababu ule weupe wa ganda ni mchungu. Vipande viwe vidogo vya kupita mdomoni. Hakuna anayependa kuvua nanasi kwa vidole mbele ya wakwe.

Sasa barafu, na hapa nawasihi. Kuna barafu mjini inayouzwa kwa ajili ya samaki. Kwa samaki ni sawa, kwa glasi ya mtoto si sawa hata kidogo. Kugandishwa hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Gandisha yako mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, siku mbili tatu kabla, kwenye makopo ya lita 2. Bonge kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na panchi haipoozi ladha. Ukigandisha juisi ya rosela badala ya maji, kila inavyoyeyuka ndivyo rangi inavyozidi kupendeza. Omba nafasi kwenye friza ya jirani kuanzia sasa.

Kijana wa Lanet
Vipi kuhusu kitu kikali? Kuna wajomba watauliza.

Mpishi wa Milimani
Kisiingie kwenye chombo cha wote. Watoto hujichotea wenyewe, na kuna watakaoendesha gari usiku kurudi Nakuru. Anayetaka, amimine kwenye glasi yake, kando.

Shangazi wa Nyamira
Na wazee wenye sukari watengewe jagi lao lisilo na shira. Lakini juisi yenyewe ina sukari hata usipoongeza, kwa hivyo glasi iwe ndogo, na pembeni wawekewe maji baridi yenye ndimu na nanaa. Wasiachwe hivi hivi kwenye kona.

Mwana wa Maseno
Nimeamua. Msingi ni nanasi na pasheni, mabarafu ya rosela, na chai ya zambarau kwenye jagi la pembeni kwa wanaoinywa. Nimebaki na suala la wakati tu. Friji sina, nikamue lini?

Nyar Kibuye
Umechagua vyema. Tarehe 25 alasiri sugua nanasi kwa maji mengi kabla ya kumenya, maana maganda tutayatumia. Yachemshe na tangawizi iliyopondwa na sukari kilo moja kwenye lita mbili na nusu za maji, nusu saa. Hiyo ndiyo shira yako, na nyumba nzima itanukia. Saga nanasi, chuja, chemsha ile juisi dakika tano, mimina kwenye ndoo safi zenye vifuniko na uziache sehemu yenye ubaridi. Kwa kuwa imechemshwa na imefunikwa, usiku mmoja itavuka salama.

Pasheni na ndimu ziache hadi asubuhi ya tarehe 26, moto unaziua harufu. Saa moja kabla ya chakula changanya vyote na maji, onja, kisha weka bonge la barafu. Onja tena baada ya barafu, kwa sababu ubaridi hupunguza utamu ulimini, na hapo ndipo utajua kama shira inatosha. Soda ya tangawizi iwe baridi, na uimimine polepole ukutani mwa chombo watu wakiwa tayari wamepanga foleni, gesi isije ikaisha mkiwa bado kwenye maombi.

Weka kata moja ndefu ya kuchotea na mtu mzima mmoja wa kuishika. Kitambaa safi juu ya chombo, nzi wa Disemba hawana adabu.