Mjadala: Mbegu iliyohaririwa jeni isipoitwa GMO, mkulima atajuaje imefika dukani?

Mwanzisha mada:
Wanajamvi, habari za GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) hapa Kenya tumezipigia kelele tangu marufuku ya Novemba 2012. Baraza la Mawaziri liliiondoa Oktoba 2022, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uagizaji na ukuzaji hadi rufaa isikilizwe. Macho yetu yote yakiwa huko, kuna njia nyingine iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 2022 na wengi hatujaisoma: mwongozo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA) kuhusu mazao yaliyohaririwa jeni, yaani yaliyobadilishwa mahali mahususi ndani ya jeni zake.

Kwa ufupi, mtafiti anapeleka maelezo ya zao lake NBA mapema. Kama amezima tu jeni iliyokuwamo, au ameongeza jeni kutoka kwa mmea unaozaana na zao hilo kwa kawaida, na hakuna vinasaba vya kigeni (DNA ya kiumbe kisichozaana na zao hilo) vilivyobaki, zao hilo halibanwi na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009. Linakwenda KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, kujaribiwa kama aina nyingine yoyote mpya, likifaulu linasajiliwa na kuuzwa. Vinasaba vya kigeni vikikutwa, linarudi kwenye foleni ya GMO: tathmini ya hatari, maoni ya umma, lebo ya kusema ni GMO.

Mimi naiunga mkono njia hii. Chukueni mtama na kiduha, lile gugu linalojishika kwenye mizizi ya nafaka na kuinyonya. Mbegu ya kiduha hulala ardhini miaka mingi ikisubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya mtama. Ikiinusa tu, inaota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakiongozwa na Profesa Steven Runo wamekuwa wakihariri jeni inayoitwa LGS1, ili mizizi itoe kemikali ya aina nyingine isiyoliamsha gugu. Badiliko hilo tayari lipo katika baadhi ya mitama ya asili ya Afrika. Kulitoza gharama zote za GMO ni kuhakikisha kwamba kampuni kubwa peke yake ndizo zitakazofika sokoni, maana chuo cha umma hakina fedha hizo.

Kinachonikera ni kwamba zao likishatolewa nje ya ile sheria, maoni ya umma na lebo hiyo navyo vimetoka. Nataka kila uamuzi wa NBA wa namna hii uchapishwe, kwa Kiswahili pia: zao gani, jeni gani imeguswa, mbegu ni ya nani. Mnaonaje?

Mkulima, Siaya:
Hilo gugu huku kwetu ni kayongo. Mpita njia atadhani mtama umepigwa na jua: majani yamejikunja na kupauka, kumbe udongo bado una unyevu. Ukingoja maua yake ya zambarau ndipo ung'oe, umeshachelewa, limekunyonya likiwa bado chini. Kwa hiyo mbegu ya kulizuia nikiipata leo nitaipanda, iwe imehaririwa au la. Swali langu ni lingine. Mtama sisi hatununui mbegu kila msimu, tunachagua masuke mazuri tunayatundika juu ya moshi jikoni. Hii mpya nitaruhusiwa kufanya hivyo?

Mchangiaji, Nairobi:
Mwanzisha mada, umepita haraka sana pale pa "hakuna vinasaba vya kigeni". Ule mkasi wa CRISPR, yaani chombo cha maabara cha kukata na kuhariri jeni, mara nyingi huingizwa kwenye seli kwa kutumia vinasaba vya kigeni, kisha watafiti huchagua vizazi ambavyo havina. Nani anathibitisha kwamba kweli vimetoka? Mwaka 2019 wanasayansi wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walikuta vinasaba vya bakteria kwenye ng'ombe waliohaririwa wasiote pembe, na kampuni iliyowatengeneza ilikuwa imeshatangaza kwamba ni safi. Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo iliamua Julai 2018 kwamba mazao yaliyohaririwa yafuate sheria za GMO. Sheria ya 2009 ilipitishwa na Bunge. Mwongozo ni karatasi ya ofisi. Huwezi kulipunguza jambo zito hivi kwa karatasi ya ofisi.

Mfanyabiashara wa nafaka, Arusha:
Ndugu zetu, mkumbuke na sisi. Serikali yetu ilisitisha majaribio ya GMO mwaka 2021, lakini gunia halijui mpaka, linapita Namanga na Sirari kila siku. Kama jeni imezimwa tu na hakuna kitu kilichoongezwa, maabara itapima nini? Itaona badiliko, haitaona limetokea kwa mkasi au kwa asili.

Mwanzisha mada:
Shemeji wa Arusha, hapo ndipo palipo na uzito. Kipimo kikishindwa, kinachobaki ni kumbukumbu. Mkaguzi wa Namanga akiwa na orodha ya aina zilizohaririwa, atasoma jina kwenye lebo ya mfuko na kujua. Bila orodha hana kitu. Kwa magunia ya nafaka tupu sina jibu zuri.

Wa Nairobi, mfano wa ng'ombe nimeukubali. Uthibitisho usiwe neno la mwenye mbegu pekee: asome vinasaba vyote vya mmea wa mwisho, aweke matokeo hadharani, na maabara nyingine irudie. Lakini kuyatia yote kwenye kapu la GMO sikubali. Huyo wa Siaya tumwambie angoje hadi lini?

Na wewe wa Siaya, swali lako ndilo NBA hawaulizi kabisa, kwa sababu kazi yao ni usalama. Leseni ya kutumia CRISPR kwa utafiti kwa kawaida si leseni ya kuuza, na masharti ya kuuza ndiyo yatakayoamua kama utatundika masuke yako juu ya moshi. Nataka masharti hayo yaandikwe kwenye orodha hiyohiyo, kabla ya mfuko wa kwanza kuuzwa.

Ninaandika barua kwa NBA na KEPHIS kudai orodha hiyo. Rasimu nitaiweka hapa. Mwenye kifungu cha kuongeza, hasa kuhusu mpaka, akilete sasa.