Baba alichungulia kaburi akamwona bibi: je, tuna haki ya kutafsiri alichokiona?

Mwana wa Ujiji aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri, maana jambo hili limeigawa familia yetu. Baba yangu ana umri wa miaka 61 na amevua dagaa katika Ziwa Tanganyika tangu ujana wake. Usiku mmoja wa giza, mwezi uliopita, upepo uliinuka ghafla, mtumbwi ukapinduka, na wenzake walipomtoa majini hakuwa akipumua. Mmoja wao, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza, alimkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kinywani mpaka akatapika maji na kuzinduka.

Tangu siku hiyo anasimulia jambo lile lile. Anasema aliuona mwalo wa Kibirizi mchana kweupe, na mama yake, ambaye tulimzika mwaka 1998, ameinama akianika dagaa mchangani, amejifunga kitenge chake kilichochanika pindoni. Bibi aliinua uso, akanyoosha kiganja kumwelekea, na hapo baba akarudi. Shangazi anasema mkono ule ulikuwa ukiomba, kwa hiyo bibi anadai tambiko. Baba mkubwa anasema ulikuwa ukikataza, kwa hiyo baba auze mtumbwi na nyavu, asiingie ziwani tena. Mtumbwi huo ndio unaowasomesha wadogo zangu wawili. Je, wanaofika ukingoni mwa kifo na kurudi huona nini hasa, na sisi tuliobaki nchi kavu tuna haki ya kukitafsiri?

Muuguzi wa Tabora alijibu:

Pole sana, ndugu yangu, na umpe mzee shikamoo yangu. Nimewahudumia wagonjwa mahututi kwa miaka mingi na nimesikia simulizi kadhaa za namna hii, wala sikuwahi kuona kwamba msimuliaji alikuwa akidanganya. Daktari Pim van Lommel na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za Uholanzi, wakiwahoji wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama kisha ikarudishwa. Kati yao, 62 walikumbuka jambo, yaani asilimia 18, na waliobaki hawakukumbuka lolote. Yeye alihoji kwamba kama sababu ingekuwa ubongo kukosa oksijeni peke yake, ilipasa karibu wote waone. Wengine hawakubaliani naye, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha kumbukumbu ile ilijengeka dakika gani: moyo ukiwa umesimama, au fahamu zilipokuwa zikirejea. Sam Parnia naye aliweka katika baadhi ya vyumba vya hospitali rafu zenye picha ambazo zingeweza kuonekana tu na mtu aliye juu karibu na dari, ili kuwapima wanaosema kwamba walijiona wakielea. Matokeo yake yalipotoka mwaka 2014, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyezitaja picha hizo.

Jambo ambalo mimi huliona zito zaidi ni kwamba watu huona kwa macho ya kwao. Wamarekani wengi husimulia njia nyembamba ya giza yenye mwanga mwishoni. Nchini India, Satwant Pasricha na Ian Stevenson walikusanya simulizi za watu waliochukuliwa na wajumbe hadi mbele ya mwenye daftari, wakaambiwa kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine, wakarudishwa. Baba yako, mvuvi wa Kigoma, aliona dagaa wakianikwa. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo hakuona kitu. Nasema tu kwamba picha hiyo imeshonwa kwa nyuzi za maisha yake, na hakuna mwingine aliye na nyuzi hizo.

Mwalimu wa madrasa, Mwanga, alijibu:

Assalaam aleikum. Katika Sura Az-Zumar, aya ya 42, tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa, na zile zisizokufa huzichukua usingizini, kisha huzizuia zilizohukumiwa kifo na kuziachilia nyingine mpaka muda uliowekwa. Kwa hiyo mzee hakuvuka barzakhi, yaani kizuizi kilicho kati ya wafu na dunia hii, maana aliyevuka harudi. Alichokiona nakiweka karibu na ndoto, na ndoto, hata ikiwa njema, haiwi hoja ya kumlazimisha mtu auze mali yake. Namwomba baba yako mkubwa, kwa heshima zote, alizingatie hilo.

Mama wa Kasulu alijibu:

Mimi nilitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na wauguzi walikwisha kukata tamaa. Sikuona kitu, wala mwanga wala mtu. Hata hivyo kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza nilimwona nani, mpaka siku moja nikajikuta naanza kukubali kwamba labda nilimwona marehemu mama, kwa kuwa jibu hilo liliwaridhisha. Bado linaniuma. Mwanangu, usimuulize baba kwa maswali yenye majibu ndani yake. Kaa naye peke yenu, mwache aseme, na uandike maneno yake kabla shangazi na baba mkubwa hawajamwekea ya kwao.

Mwana wa Ujiji aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Jana jioni nilikaa na baba nje, nikamwomba anionyeshe tu jinsi bibi alivyounyoosha mkono, nami nikanyamaza. Aliinama, akageuza uso kando, akanyoosha kiganja chini chini, usawa wa kiuno. Akasema hivyo ndivyo mama yake alivyofanya siku zote walipokuwa watoto, walipotoka majini mbio wakiwa wamelowa, ili wasimkanyagie dagaa.