Mrejesho: ile kompyuta ya nyumbani imepona

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwaeleza kwamba nilipakua programu ya bure ya kusomea PDF, ikaingia na nyingine tatu ambazo sikuziomba, na kila nikifungua Chrome napokelewa na ukurasa wa matangazo.

Nilianza na Settings, kisha Apps, nikazipanga kwa tarehe. Zote tatu ziliingia siku moja. Nikazifuta, nikawasha upya, moja ikarudi! Niliumia sana, maana mwanangu anasomea hapo.

Aliyenielekeza Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe, Mungu akubariki. Nilikuta kazi yenye jina la herufi zisizosomeka, imepangwa kujiendesha kila ninapoingia. Nikaifuta hiyo kwanza, ndipo programu, halafu kiendelezi (kiprogramu cha nyongeza) kilichojificha ndani ya Chrome. Mwisho nikapitisha AdwCleaner, programu ya kusafisha programu za matangazo, ikaokota mabaki mawili.

Leo siku ya nne, hakuna tangazo hata moja. Jana nimeingiza programu nyingine, nikachagua "Custom" badala ya kubonyeza "Next" mfululizo, na kweli, kisanduku cha kukubali programu ya ziada kilikuwa tayari kimewekewa tiki. Nimekitoa. Asanteni sana, ndugu zangu.