Nataka malezi ya pamoja ya binti yangu, nianzie wapi?

Baba Binti:
Habari zenu ndugu. Mimi na mama wa mtoto tumeachana, bila matusi wala kupigana. Binti yetu ana miaka sita na anaishi kwa mama yake. Namwona Jumamosi mchana, tena mama akikubali. Sitaki kumnyang'anya mtoto. Nataka na kwangu alale, nimwamshe, nimsuke nywele (najua kusuka, na anapenda nikimsuka), nikeshe naye akiwa na homa. Kila nikiligusia naambiwa mtoto mdogo ni wa mama. Mahakamani nina nafasi kweli?

Mama wa Wawili:
Kaka, kabla ya mahakama andika mpango. Mwenzangu aliposema anataka malezi ya pamoja, mimi nilisikia anataka kupunguza matunzo. Nililegea siku aliponiletea karatasi: nani anawachukua shuleni, dawa ya pumu inakaa wapi, likizo tunagawanaje.

Wakili Mstaafu:
Nafasi unayo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 9, unampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kunakwenda kinyume na maslahi yake. Ibara ya 18 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumlea. Ila haki hiyo ni ya mtoto, kwa hiyo usiende kudai chako. Eleza maisha yake yatakuwaje: shule, kulala, umbali kati ya nyumba zenu, na mtakavyowasiliana. Akitakiwa kusikilizwa, usimfundishe cha kusema. Na hata ukinyimwa kumwona, usikate matunzo, wala usikatae kumrudisha. Nimeona kesi nzuri zikiharibikia hapo. Anzeni na usuluhishi. Mkielewana, ombeni mahakama iyafanye makubaliano yenu kuwa amri.

Baba Binti:
Nashukuru sana. Dada, mstari wa kwanza wa mpango wangu utakuwa huu: matunzo hayapungui. Usiku huu naanza kuandika. Jambo moja, anaogopa giza, analala na taa yake ndogo. Awe anakuja nayo?

Mama wa Wawili:
Nunua nyingine kama hiyo hiyo, na mswaki, na sare ya pili. Wangu walichoka kubeba mabegi mapema sana, na tuligombana bure kwa sababu ya soksi zilizosahaulika.