Naomba ushauri: nihesabu vipi ajira za usafiri wa anga Goma?

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Nafuatilia kazi za usafiri wa anga jimbo kwa jimbo, na hapa kwetu Goma ndipo nimekwama. Uwanja ulifungwa vita vilipoingia mjini Januari 2025, na jina kubaki kwenye orodha ya mishahara si kwamba mtu ana kazi. Marubani na wakata tiketi wanapatikana kwenye orodha hiyo. Lakini kibarua aliyekuwa akipakua mifuko ya madini kwenye ndege ndogo za Walikale, akilipwa jioni mkononi bila kuandikishwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), namweka wapi? Huyo ndiye aliyeumia zaidi, jamani.

Mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi, ISIC, unaweka mashirika ya ndege kwenye namba 51, huku huduma za uwanjani zikiwa 5223. Nikifuata 51 peke yake, watu wengi wa uwanjani wanapotea. Naona nichukue zote mbili, kila moja na safu yake.

Aliyewahi kuhesabu vibarua wa Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi) au Kavumu (wa Bukavu), alianzia kwa makapita wao, yaani wasimamizi wao, au kwa mashirika? Na mhudumu wa ndege mwenye familia Goma lakini kituo chake Kinshasa, ahesabiwe wapi?