Wenye ndugu kwenye methadoni Dar, tupeane uzoefu

Wadau salaam. Mtaani kwetu Kinondoni kuna mvutano kuhusu vijana wa unga (heroini) wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Majirani wengi wanataka msako. Misako tumeiona: wanakamatwa, wanatawanyika, maskani, yaani kijiwe chao cha kutumia unga, inahamia mtaa wa pili. Nilichoona kikipunguza watu maskani ni kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza uraibu wa unga. Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, baadaye Temeke. Dawa ni bure, na kwa kawaida mtu anainywa mbele ya mhudumu kila siku. Lakini wapo wanaoanza wakakatisha, hasa wasio na pa kulala. Mliopitia wenyewe au mnaouguza ndugu, nini kilisaidia na nini kilikwamisha? Matusi kwa mateja naomba tusiyalete hapa.

Niko kwenye dozi, Temeke
Nimelala maskani miaka mingi. Watu wanadhani teja anatafuta stimu. Ukishakolea hutafuti stimu tena, unakimbia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga: kamasi, miayo, tumbo linakata, mifupa inauma hadi unalia. Ukifumbua macho tu unawaza kete, kile kipakiti cha unga. Methadoni ilinitoa hapo, ila si siku ya kwanza. Dozi inaanza ndogo, inapandishwa polepole, kwa hiyo mwanzoni arosto bado inakugusa, na hapo ndipo wenzangu wengi walirudi kwenye unga. Ndugu yenu akilalamika kipindi hicho msimwambie anadeka, kaeni naye.

Kingine ni nauli. Kliniki ni kila siku, sikukuu zimo. Mtu analala nje, hana kibarua, nauli anatoa wapi? Mimi nilikuwa napiga mguu. Nawajua walioiba ili wapate nauli ya kufuata dawa.

Dada mtu
Mdogo wangu alizolewa kwenye msako akiwa njiani kwenda kunywa dawa. Alijieleza, hakuna aliyemsikiliza. Akawekwa ndani siku kadhaa. Alipotoka, kliniki hawakuweza kumrudishia dozi yake ya zamani, maana ukikaa siku kadhaa bila dawa mwili unapoteza uzoefu, na dozi kubwa ya ghafla inaweza kuua. Ikabidi apandishwe upya. Katikati hapo akarudi kwenye unga, na mimi simlaumu hata kidogo.

Alipoanza tena, mama alimwachia chumba cha uani, akampa na ufunguo wake. Ndugu walipiga kelele kwamba atauza vitu. Aliuza sufuria moja, kweli. Mama hakumfukuza. Tulienda pia kwa mwenyekiti wa mtaa tukamtambulisha kwamba huyu yuko kwenye matibabu, ili likitokea jambo kuwe na mtu wa kumtetea. Nawashauri wote mfanye hivyo kabla msako haujaja.

Mwelimisha rika
Mnawazungumzia wanaume tu. Wanawake hamuwaoni vibarazani kwa sababu wengi wako magetoni, kwa mwanaume anayewapa pa kulala na kete. Akienda kliniki anapoteza vyote viwili siku hiyo hiyo. Ndiyo maana foleni ya dawa imejaa wanaume. Sisi tunawafuata wanawake kwa wanawake, jioni, bila kumhubiria mtu. Na mjueni hili: mjamzito anapokelewa kwenye methadoni. Kuacha unga ghafla bila dawa ndiko kunakohatarisha mimba. Tumewakuta waliojificha hadi siku ya kujifungua wakiogopa kugombezwa.

Mwenye duka
Nimeibiwa mita ya maji na nondo, hasira ninazo na sitazificha. Ila kuna kijana ananishushia mzigo, anakunywa dawa asubuhi kisha anakuja kazini. Ninachowaomba wenzangu wenye maduka ni kibarua cha kuanzia saa nne, akiwa ameshatoka kliniki. Ukimtaka saa kumi na mbili asubuhi umemlazimisha achague kati ya dawa na kazi.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Hilo la mwenyekiti wa mtaa na la saa nne nitayapeleka kwenye kikao chetu. Limebaki la pa kulala. Soba hauzi, zile nyumba za kuishi wanaoacha unga, nyingi zinalipiwa, na wengi wa hawa hawana mama wa kuwaachia chumba. Kuna mtaa wowote hapa Dar ambako majirani walichangishana kumpangishia chumba mtu aliye kwenye dozi, karibu na kliniki? Kodi mliigawanaje, na mwenye nyumba mlimwambia nini?